Kusoma Uzamili wa Sayansi ya Mimea na Mazao Ukitokea Malindi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa kijana wa Malindi, Magarini au vijiji vya jirani aliyemaliza shahada ya kwanza ya kilimo, botania, bayolojia au fani iliyo karibu na hizo, na ambaye sasa anataka kuendelea na shahada ya uzamili, pengine hata uzamivu, katika sayansi ya mimea, mazao na uzalishaji endelevu wa chakula. Wengi huanza kwa kutafuta ufadhili, kisha chuo, kisha msimamizi, na mwisho kabisa ndipo huketi kutafuta jambo la kutafiti. Nashauri mpangilio huo ugeuzwe. Mwenye swali lililotoka shambani, swali analolijua kwa macho na mikono yake, humwandikia msimamizi barua yenye uzito, hujaza fomu za ufadhili bila kubabaika, na hufika siku ya kutetea tasnifu akiwa bado analitaka jibu.

Hatua ya kwanza: Tafuta swali shambani

Tenga wiki mbili za kutembea kabla hujafungua tovuti ya chuo chochote. Anza Gede, pita Msabaha, vuka daraja la Sabaki uingie Magarini hadi Marafa, na kila unapomkuta mkulima muulize jambo moja tu: msimu uliopita ni kitu gani kilichompotezea chakula? Usimwombe akuorodheshee shida zake zote, kwa sababu utarudi nyumbani na habari za barabara, bei na ukosefu wa maji, mambo ambayo ni ya kweli lakini hayawezi kujibiwa na mwanafunzi mmoja kwa miaka miwili.

Mwenye miembe atakuambia habari za nzi wa matunda. Nzi huyo, Bactrocera dorsalis, asili yake ni Asia, na aligunduliwa nchini Kenya mwaka 2003, huku huku pwani. Kwa ajili yake Kenya ilisimamisha uuzaji wa maembe katika soko la Umoja wa Ulaya mwaka 2014, na mauzo hayo hayakurudi hadi mwaka 2021. Mwenye mikorosho atakulalamikia ubwiriunga unaokausha maua. Mwenye minazi atakuonyesha vidaka vilivyopukutika kabla ya kufikia udafu, na hapo kuna utafiti mzuri ambao wengi huupita bila kuuona: kunguni wa minazi, Pseudotheraptus wayi, ndiye mmoja wa wanaoviangusha vidaka hivyo, na adui yake mkubwa ni chungu (sisimizi) waitwao maji moto, wanaoshona majani kuwa viota. Maji moto hawa nao hufukuzwa na chungu wadogo wa ardhini, Pheidole megacephala. Mtu akiuliza ni mimea gani ipandwe chini ya minazi ili maji moto washinde vita hivyo, ana swali la uzamili mkononi, na jibu lake halitamlazimu mkulima kununua dawa yoyote.

Mimi swali langu lilikuwa la muhogo, na nitalitumia kama mfano katika mwongozo wote. Mama mmoja wa Magarini aliung’oa muhogo mbele yangu, shina likiwa na majani mapana ya kijani, akaukata vipande kwa kisu cha jikoni. Vipande viwili vya juu vilikuwa vyeupe pe. Cha tatu kilikuwa na doa la kahawia, kavu, gumu kama kizibo, na cha nne kilikuwa kimeoza chote. “Mwanangu,” akaniambia, “majani haya yananidanganya. Juu kijani, chini hakuna chakula.”

Ugonjwa ule ni michirizi ya kahawia, nao si wa jana. H. H. Storey aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1936 akiwa katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, na kwa miaka mingi ulijulikana kuwa ugonjwa wa nyanda za chini za pwani ya Afrika Mashariki. Husababishwa na virusi vya aina mbili, hubebwa na nzi weupe, na zaidi ya hayo husafirishwa na sisi wenyewe tunapopeana vipando vya mashina yaliyoambukizwa. Kituo cha Mtwapa cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, kimetoa aina za muhogo zinazouvumilia, kama Tajirika, Karembo, Shibe na Nzalauka, ilhali wakulima wengi bado wanaipenda Kibandameno kwa utamu wake ingawa hushikwa upesi. Pengo hilo, kati ya aina inayostahimili ugonjwa na aina inayopendwa mezani, ndilo lililonipa swali.

Hatua ya pili: Lipunguze swali mpaka liweze kupimwa

Vijana wengi huniletea mada kama “Kuboresha uzalishaji endelevu wa chakula katika ukanda wa pwani.” Hiyo ni mada ya wizara. Msimamizi akiisoma hawezi kujua utafanya nini Jumatatu asubuhi. Swali linalofaa hutaja zao, mahali, kinacholinganishwa, kinachopimwa na muda. Mfano: “Je, aina sita za muhogo zikipandwa Magarini mwanzoni mwa mvua ya mwaka (masika) na kuvunwa baada ya miezi 12, zitatofautiana kiasi gani katika uzito wa mizizi inayolika na katika kiwango cha kuoza kwa michirizi ya kahawia?” Ukilisoma swali hilo unaliona shamba, unaona mizani, unaona kisu.

Neno “endelevu” nalo linahitaji kupimwa, lisibaki pambo la kichwa cha tasnifu. Ukisema mfumo wako ni endelevu, onyesha ni kitu gani kinachoendelea: rutuba ya udongo, maji, mbegu ambazo mkulima anaweza kuzihifadhi mwenyewe, faida baada ya kutoa gharama, au muda wa kazi wa mama anayelima. Kwa kilimo cha mseto kipo kipimo rahisi kinachoitwa uwiano wa ardhi. Tuseme muhogo uliochanganywa na kunde umetoa asilimia 80 ya mavuno ambayo ungetoa ukiwa peke yake, na kunde zimetoa asilimia 50 ya mavuno yake zikiwa peke yake. Jumlisha 0.8 na 0.5 upate 1.3, maana yake ni kwamba mkulima angehitaji asilimia 30 ya ardhi zaidi ili kupata mavuno hayo hayo kwa kupanda kila zao mbali. Kwa mtu mwenye ekari mbili Msabaha, hesabu hiyo ina maana kuliko hotuba yoyote kuhusu uendelevu.

Soma unapolipunguza swali. Vyuo vingi vya Kenya vina njia ya kuingia katika majarida kupitia mpango wa AGORA, ulioanzishwa chini ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2003, na ukifika maktaba ya chuo ulichosomea muulize mkutubi akuonyeshe. Usisahau tasnifu za zamani na ripoti za vituo vya utafiti, ambazo mara nyingi zina habari za mashamba ya pwani ambazo hazikuchapishwa popote. Msabaha kuna kituo cha KALRO, na Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, mwendo wa takriban kilomita 60 kutoka Malindi. Nenda, jitambulishe, omba kusoma.

Hatua ya tatu: Chagua msimamizi kwanza, chuo baadaye

Katika uzamili wa utafiti, mtu atakayekuongoza ana uzito mkubwa kuliko jina la chuo. Tafuta waandishi wa makala ulizozisoma katika hatua ya pili na uangalie walipo. Kwa mazao na mimea utawakuta Kabete katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Njoro katika Chuo Kikuu cha Egerton, Juja katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, na Kilifi pale Pwani. Nje ya nchi, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kiko Morogoro, ambako Kiswahili chako kitakusaidia shambani tangu siku ya kwanza, na Makerere kiko Kampala. Anayetaka kuwa mzalishaji wa mbegu bora katika ngazi ya uzamivu na akitazame pia kituo cha WACCI katika Chuo Kikuu cha Ghana, kilichoanza mwaka 2007 kwa kazi hiyo mahususi. Anayependa wadudu aitazame icipe ya Nairobi, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, ambayo mpango wake wa uzamivu wa kanda, ARPPIS, umekuwepo tangu 1983. Ulaya nako zipo nafasi, na Wageningen nchini Uholanzi ina shahada ya uzamili ya sayansi ya mimea ya miaka miwili, lakini uliza mapema kama kazi ya shambani itafanyika huko au itafanyika nyumbani. Mtu aliyetoka na swali la muhogo wa Magarini akaishia kupima nyanya ndani ya banda la vioo amejifunza sayansi, ndiyo, lakini swali lake bado liko pale alipoliacha.

Barua ya kwanza kwa msimamizi isizidi ukurasa mmoja. Kwa kawaida utaiandika kwa Kiingereza, lakini ipange kichwani kwa Kiswahili kwanza ili ijulikane unachosema. Maudhui yake yawe kama haya: “Profesa, nimesoma makala yako kuhusu kuenea kwa michirizi ya kahawia katika nyanda za chini. Katika mashamba ambayo nimeyatembelea Magarini, wakulima wanaendelea kupanda Kibandameno ingawa mizizi huoza, na wananieleza kuwa aina mpya hazipikiki vizuri. Ningependa kulinganisha aina sita kwa mavuno, kwa kuoza na kwa ladha. Nina robo ekari niliyoruhusiwa kutumia. Je, unapokea wanafunzi mwaka huu?” Msimamizi akijibu kwa maswali, hiyo ni dalili njema. Asipojibu kwa wiki tatu, mkumbushe mara moja kwa adabu, kisha mwandikie mwingine.

Kabla ya kukubali, tafuta wanafunzi wake wawili wa sasa uwaulize anachukua muda gani kusoma sura anayopewa. Swali hilo linaweza kukuokolea mwaka mzima.

Kuhusu sifa za kujiunga, vyuo vingi hudai daraja la pili la juu, na wengi wenye daraja la pili la chini hupokewa wakiwa na uzoefu wa kazi au stashahada ya uzamili. Usijikatie tamaa mwenyewe kabla ya kuuliza.

Hatua ya nne: Fedha

Gawa gharama zako katika mafungu manne: karo, kuishi, utafiti wenyewe, na uchapishaji. Ninasisitiza fungu la tatu kwa sababu limewakwamisha watu wengi ninaowajua. Upo ufadhili unaolipa karo na posho bila kugusa vibarua, mbolea, vipimo vya udongo na nauli ya kwenda shambani mara 20 au zaidi, na mwanafunzi hugundua hivyo akiwa tayari mwaka wa pili. Uliza kwa maandishi, tena kabla ya kutia sahihi.

DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili wanafunzi na watafiti, hudhamini masomo ndani ya nchi na ndani ya kanda, mara nyingi kwa kushirikiana na taasisi kama icipe na RUFORUM. RUFORUM ni mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika wa kukuza utafiti wa kilimo, ulioanzishwa mwaka 2004 na wenye makao makuu Makerere. Kwa Uingereza kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ambao unalenga wasioweza kujilipia, na Chevening, unaolipia uzamili wa mwaka mmoja na kudai uzoefu wa kazi wa miaka miwili pamoja na ahadi ya kurudi nyumbani. Kwa kawaida maombi ya fadhili hizo mbili hupokewa kati ya Agosti na Oktoba, kwa hiyo vyeti, barua za wapendekezaji na pasipoti viwe tayari kufikia Julai. Njia nyingine, ambayo naiona bora kuliko wengi wanavyodhani, ni kujiunga na mradi ambao msimamizi tayari ana fedha zake. Utapunguziwa uhuru wa kuchagua mada, lakini hutakosa nauli ya shambani.

Anayekutaka utume pesa kwa simu ili “jina lako lipitishwe” ni mwizi, hata akiwa na nembo na muhuri.

Hatua ya tano: Pendekezo na vibali

Pendekezo la utafiti si insha ya kumpendeza mtu. Liandike ukiwa na kalenda ya mvua mbele yako, kwa sababu hapa pwani kalenda ndiyo inayowaangusha wanafunzi wengi wanaosoma bara. Vyuo vingi huanza Septemba, mwaka wa kwanza ukiwa wa masomo ya darasani na wa pili ukiwa wa utafiti. Mvua ya mwaka kwetu huanza karibu na Aprili, vuli huja Oktoba hadi Desemba na si ya kutegemewa sana, hasa unapotoka ufukweni kwenda bara. Sasa tazama muhogo unaohitaji miezi 12 ardhini. Mwanafunzi akitetea pendekezo lake Juni, mvua ya mwaka imeshampita, na itambidi angoje hadi Aprili nyingine ndipo apande, avune mwaka mwingine tena, na miaka miwili imekwisha akiwa bado hajaandika sura ya matokeo. Ndiyo maana nasema swali liwe tayari kabla ya Septemba. Pendekezo likipita Februari, utapanda Aprili huku ukiendelea na masomo ya darasani, na utavuna Aprili inayofuata ukiwa na miezi ya kutosha ya kuandika. Kwa kunde, pojo au mahindi, ambayo hukomaa kwa miezi mitatu au minne, shinikizo ni dogo na unaweza kupata misimu miwili, jambo ambalo watahini hulipenda kwa haki.

Kibali cha utafiti hutolewa na Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI, na maombi hufanywa mtandaoni. Ukitaka kuingiza mbegu au vipando kutoka nchi nyingine, KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, ndiyo yenye mamlaka, na usijaribu kuvipitisha ndani ya begi. Sampuli za mimea zikienda nje kwa ajili ya utafiti wa vinasaba, jua pia kwamba Kenya imejifunga na Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inayotaka ruhusa na mgawanyo wa faida, na kwa hilo utaelekezwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Mbali na vibali vya karatasi kuna idhini ya watu. Mwone chifu na wazee wa mtaa, eleza kazi yako, kisha andikiana na mwenye shamba: ardhi ni ya nani, utaitumia kwa miezi mingapi, mavuno yatakuwa ya nani. Sehemu nyingi za Magarini na Malindi zina migogoro ya umiliki wa ardhi ya miaka mingi. Jaribio likiwekwa juu ya kiwanja chenye kesi, siku moja utalikuta limelimwa. Ukiwahoji wakulima, wahoji kwa lugha wanayoitumia nyumbani, na kama wewe si Mgiriama tafuta msaidizi anayekijua Kigiriama vizuri, kwa kuwa maneno ya magonjwa na ladha za chakula hupotea upesi sana katika tafsiri.

Hatua ya sita: Jaribio lenyewe

Rudi kwenye aina sita za muhogo. Kila aina irudiwe mara nne, yaani ploti 24. Sababu ya kurudia ni kwamba shamba halilingani: pembe moja ina kichuguu cha zamani, nyingine ilikuwa zizi la mbuzi, nyingine maji hutuama. Ukipanda kila aina mara moja tu hutajua kama Shibe imeshinda kwa uzuri wake au kwa samadi ya mbuzi wa zamani. Gawa shamba katika bloku nne, kila bloku ikiwa mahali ambapo udongo na mteremko vinafanana ndani yake, na ndani ya kila bloku panga aina zote sita kwa bahati nasibu. Andika majina kwenye vikaratasi, vitie kikombeni, chomoa kimoja kimoja. Rudia kwa kila bloku upya, usinakili mpangilio wa bloku ya kwanza.

Ploti moja iwe mita 5 kwa 5. Kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, ambayo ndiyo ya kawaida kwa muhogo, utapata mashina 25. Ya pembezoni hupata mwanga na nafasi kuliko mengine, kwa hiyo utapima yale tisa ya katikati pekee. Jumla utahitaji vipando 600, na ongeza angalau 60 vya kuzibia mapengo. Ukiacha njia ya mita mbili kati ya ploti, shamba lote litakuwa mita 40 kwa 26, ambayo ni robo ekari na kidogo. Kata vipando vya urefu wa sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye mashina yaliyokomaa na yaliyokaguliwa. Usipeleke kijijini mashina yenye ugonjwa kwa sababu tu ni ya utafiti, maana wewe utaondoka na virusi vitabaki.

Kabla ya kupanda chukua udongo. Tembea shamba kwa mtindo wa zigizaga, chimba sentimita 20 mahali 10 hadi 15, changanya kwenye ndoo safi, toa nusu kilo, kausha kivulini na upeleke maabara. Kwenye mchanga wetu wa pwani usishangae kukuta mboji kidogo sana. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini wazee hupenda mivinje, ambayo mizizi yake huishi na bakteria wanaofunga nitrojeni kama zifanyavyo kunde.

Weka ua. Mbuzi mmoja huhitaji asubuhi moja tu, na karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke kuna tumbili na nyani. Mpe kazi ya ulinzi mtu wa jirani na umlipe kwa wakati.

Sasa alama za ploti. Jaribio langu la kwanza niliandika majina ya aina kwa kalamu ya wino mzito kwenye vipande vya plastiki, nikavifunga kwenye vijiti. Jua la kaskazi lilipokolea, mwezi wa Januari, nilifika shambani nikakuta plastiki nyeupe tupu. Ramani ya shamba nilikuwa nayo moja tu, kwenye karatasi, na karatasi ile ilikuwa imelowa ndani ya mfuko wa baiskeli mvua za vuli. Bloku mbili niliweza kuzitambua kwa sababu mwenye shamba alikumbuka tulivyopanda. Mbili sikuweza. Marudio mawili hayakutosha kutofautisha chochote, nikapanda upya mvua ya mwaka iliyofuata, na mahafali yangu yakachelewa mwaka mmoja. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na utafiti ni mali. Kwa hiyo: kwaruza namba kwa msumari juu ya vipande vya bati laini au kopo la alumini, andika namba na si jina, chora ramani nakala tatu, moja ikae kwa mwenye shamba, moja kwa msimamizi, moja uipige picha na kuihifadhi mtandaoni. Daftari la shambani liandikwe kwa penseli, kwani jasho na manyunyu haviifuti.

Kila mwezi hesabu nzi weupe na uyape majani alama ya 1 hadi 5, ambapo 1 ni mmea usio na dalili. Siku ya kuvuna pima mizizi yote, kisha kata kila mzizi kwa kukingama mara kadhaa na uupe alama kwa kipimo hicho hicho cha 1 hadi 5. Usikate ncha tu. Kumbuka kipande cha tatu cha yule mama.

Hatua ya saba: Hesabu na uandishi

Jifunze R, programu ya kuchanganua takwimu, ambayo ni ya bure na hufanya kazi hata kwenye kompyuta ya kawaida. Anza kuijifunza kabla ya kuvuna, ukitumia takwimu za kubuni zenye umbo la jaribio lako, ili siku takwimu za kweli zikifika usiwe unajifunza vitu viwili kwa pamoja. Ingiza takwimu jioni ile ile ulizozikusanya. Sura ya mbinu iandike wakati ungali shambani, ya matokeo ndani ya mwezi mmoja baada ya kuvuna, na utangulizi uache mwisho. Uliza idara yako mapema inadai makala ngapi zilizochapishwa kabla ya kuhitimu, kwa kuwa jarida linaweza kukaa na makala yako miezi mingi, na jihadhari na majarida yanayokubali makala kwa siku tatu baada ya kulipwa.

Hatua ya nane: Siku ya mavuno na siku ya utetezi

Siku ya kuvuna iwe pia siku ya wakulima. Alika watu 20 hadi 30, wanawake wawe nusu au zaidi kwa kuwa wao ndio wapishi na ndio watunza mbegu. Chemsha muhogo wa kila aina katika sufuria yake, kwa maji na chumvi ya kiasi kimoja, uweke kwenye sahani zenye namba bila majina, na kila mtu aonje na kutoa alama yake kwa kuweka punje za mahindi mbele ya sahani aipendayo. Andika pia wanayosema: huu una nyuzi, huu haumumunyiki, huu ungefaa kwa samaki wa kupaka. Katika mavuno yangu ya pili, aina iliyoongoza kwa uzito ilipata punje chache kuliko zote, na aina ya tatu kwa uzito ndiyo iliyomaliza punje za kina mama. Jedwali hilo dogo ndilo lililonipatia maswali mengi zaidi siku ya utetezi kuliko kurasa zote za uchanganuzi.

Kwenye utetezi utakabiliana na watahini, mmoja wao kutoka nje ya chuo. Wataanza na mbinu: kwa nini marudio manne, kwa nini mashina tisa, ulichaguaje bloku. Jibu kwa mambo uliyoyafanya kwa mikono yako, na lile usilolifanya sema hukulifanya. Masahihisho ukipewa, yafanye ndani ya muda uliowekwa huku ukiyaorodhesha moja baada ya moja pamoja na ukurasa ulikoyatekeleza, uipeleke orodha hiyo kwa msimamizi pamoja na tasnifu. Kabla mvua ya mwaka inayofuata haijaanza, rudi Magarini na karatasi moja ya matokeo kwa Kiswahili, ukiambatanisha mashina safi ya ile aina iliyopendwa na iliyostahimili, yafungwe mafungu ya ishirini ishirini, na kila aliyeonja apate fungu lake.